Mashine Ikisalimu Amri Hatua ya Tano, Kosa ni la Opareta

Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi, soda mkononi, nikimtazama kijana wetu akiiendesha injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza sataranji (chess), kwenye gemu ya kumpa masta farasi: mashine inaanza bila farasi wake mmoja ili masta naye apate nafasi. Hatua ya tano, masta hajala hata kete moja, kompyuta ikatoa mlio na kuandika kwamba Nyeupe imekubali kushindwa. Kijana akageuka kunitazama. Mimi nikatazama dari, maana la kumwambia nilikuwa nalo, ila lingeanza na aibu yangu mwenyewe.

Basi leo naandika. Nawaandikia ninyi mnaoshika kompyuta kwenye mechi hizi za mashine kutoa kete. FEN, yale maandishi ya kupanga kete ubaoni, mnaijua, saa mnaijua, sitapoteza muda huko.

1. Zima kusalimu amri. Kwenye mipangilio kuna ule mstari: tathmini ikishuka chini ya hasi tatu, yaani injini ikijiona nyuma kwa kama askari watatu, kwa hatua kadhaa mfululizo, injini ikubali yaishe. Ukipambanisha injini kwa injini usiku kucha, mstari huo ni rafiki yako. Ukishatoa farasi, injini ya kawaida inaanza gemu ikijiona imeshazama kiasi hicho, kwa hiyo inafanya ulichoiagiza. Hili nitalirudia huko mbele, na mtajua kwa nini linaniuma.

2. Chagueni injini inayojua kutoa kete. Naona mnafungua injini ya Stockfish kwa sababu ndiyo mnayoizoea, mnamng'oa farasi wake wa mraba wa b1, halafu mnashangaa mbona imecheza kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Fikirini inavyofikiri. Kila hatua inampigia hesabu mpinzani asiyekosea kamwe. Kwa mpinzani wa namna hiyo, kuwa pungufu ya farasi ni kaburi, kwa hiyo haioni tofauti kubwa kati ya hatua inayochanganya mambo na hatua inayobadilishana malkia kwa malkia. Zote zinapoteza. Masta akishabadilishana malkia huku ana farasi wa ziada, anaanza kupiga miayo.

Dawa ni injini yenye ile mipangilio ya dharau. Ndiyo, dharau hasa: unaiambia injini kwamba aliyekaa mbele yake ni binadamu, atachoka, atakosea, kwa hiyo isibadilishane kete naye, imjazie ubao. Injini ya Leela, lile toleo la kutoa farasi, imepelekwa mbali zaidi. Neti yake, yaani mtandao wa neva ulio ubongo wake, imefundishwa ikianzia kwenye ubao usio na farasi huyo, kwa hiyo upungufu wake ndio nyumbani kwake. Mwaka 2024 Hikaru Nakamura, mmoja wa wachezaji bora duniani, alikaa nayo kwenye gemu za kasi, akiwa na farasi mzima wa ziada, na akapoteza nyingi kuliko alizoshinda. Nakamura huyo! Sasa wewe unaleta Stockfish ya kawaida na kutegemea maajabu.

3. Pimeni kete mnayotoa. Msitoe kete kama mnagawa karanga. Mwaka 2007 injini ya Rybka ilimpa grandmasta Jaan Ehlvest askari mmoja katika kila gemu, gemu nane, ikashinda 5.5 kwa 2.5. Watu wakasema basi, binadamu kwisha. Mwaka uliofuata grandmasta Vadim Milov akapewa askari na hatua ya kwanza katika baadhi ya gemu, na katika nyingine ngome kwa kete ndogo (mashine inaanza bila ngome, binadamu bila farasi au askofu), akaishinda Rybka ile ile 4.5 kwa 3.5. Mwaka 2016 injini ya Komodo ilikutana na Nakamura kwa gemu nne, kila moja na zawadi yake: askari wa f7 na hatua, askari, ngome kwa kete ndogo, na ya mwisho Nakamura akaachiwa hatua nne za bure mwanzoni. Tatu za kwanza sare. Ile ya hatua nne za bure ndiyo aliyopoteza, na kwangu mimi hilo ndilo tamu kuliko yote: muda wa bure ni zawadi inayoyeyuka, askari wa f7 harudi tena. Akitolewa huyo, mlalo wa e8 hadi h5 uko wazi na mfalme anahisi baridi tangu hatua ya kwanza. Kwa hiyo masta wa kwetu akiomba "askari yeyote tu", muulizeni yupi. Yupi ndiyo mechi yenyewe.

4. Kioo cha kompyuta kisimtazame masta. Nimeona mwaka huu huu mtu kaweka tathmini inang'aa namba za rangi, na masta anajifanya anasoma ubao.

5. Betri ijae, zima kulala na zima masasisho, maana TANESCO hawana habari kama uko hatua ya thelathini.

6. Sasa turudi kwenye namba moja. Mwaka 2017 mimi ndiye niliyekuwa kijana. Wiki mbili mfululizo nilikuwa nikipambanisha injini usiku nyumbani, feni ya kompyuta ikilia kama pikipiki, na ule mstari wa kusalimu amri niliuwasha ili nipate gemu nyingi kabla ya asubuhi. Klabu ikamwalika masta kutoka Nairobi. Alikuja kwa basi, usiku kucha, akashuka Ubungo miguu imevimba, akaomba maji ya moto ya kuchovya kabla ya kuomba chai. Tulichangishana elfu mbili mbili kumlipia nauli. Ukumbi ulijaa, watu wakakaa mpaka madirishani.

Mimi nikakaa upande wa Nyeupe, kompyuta pembeni. Kwa mbwembwe nikamwinua farasi wa b1, nikawaonyesha watu, nikamtia kwenye mfuko wa shati. Makofi. Tukaanza. Hatua ya nne, mlio. "Nyeupe imekubali kushindwa." Masta alikuwa ameshika askofu, bado hajamtua. Akamrudisha taratibu, akaniuliza, "Kwa hiyo nimeshinda?" Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Watu wakacheka. Mzee wa klabu hakucheka.

Nikasema ni hitilafu ndogo. Nikazima kusalimu amri, vidole vinatetemeka, nikafungua gemu mpya, tukapanga ubao upya, saa ikabonyezwa. Masta akiwa na Nyeusi akasubiri. Hatua ya kwanza injini ikasogeza askari wa mfalme, sawa. Hatua ya pili kioo kikaandika: Farasi c3. Nikanyoosha mkono kwenda b1. Mkono ukatua kwenye mbao tupu.

Kwenye haraka nilikuwa nimefungua gemu ya kawaida. Kete zote. Injini ilikuwa na farasi kwenye kioo, na ubao haukuwa naye. Niliupapasa mraba ule kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kutoka dirishani mtu akapiga kelele, "Mtoe mfukoni!" Ukumbi ukalipuka. Na mimi, badala ya kusimamisha saa na kusema subirini, nimekosea tena, tunaanza upya, nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa barabarani natembea haraka. Nikamtoa farasi mfukoni, nikamweka c3.

Masta akamtazama yule farasi. Akanitazama mimi. Angeweza kukataa, na sheria ilikuwa upande wake. Akasema, "Haya, kaka, endelea." Nadhani alikuwa amechoka, na nadhani alinionea huruma. Akacheza na Stockfish kamili, kete kwa kete, mchezo ambao hakuna binadamu anaousafiria usiku kucha. Akapigwa kabla ya hatua ya arobaini. Watu wakapiga makofi wasijue wanapigia nini. Jioni tukamsindikiza Ubungo, na hakuna aliyelitaja, mimi wala yeye. Alinishukuru kwa chai.

Kwa hiyo mkiniona nafoka kuhusu mipangilio, mjue nafoka na mtu mwingine kabisa.

7. Hifadhini faili la kila nafasi ya kutoa kete kabla ya siku ya mechi, na haki za mfalme kujificha (castling) zisahihishwe: ukimtoa ngome wa a1, herufi ya upande wa malkia kwenye FEN nayo itoke.

8. Zungumzeni na masta. Aliyekulia kwenye drafti za kijiweni anajua kwamba kupewa kete ni tusi tamu: ukishinda, "si ulipewa", ukishindwa, hapakaliki. Masta wetu wengi wanakuja na hilo kifuani hata kama hawalisemi. Mwambieni mapema anacheza na nini, neti ipi, dharau imewashwa au la, na muda kiasi gani. Akitaka kujaribu gemu moja ya mazoezi, mpeni. Akibadilishana malkia hatua ya nane, msimzomee. Ndiyo mbinu sahihi kwa mwenye kete ya ziada, na ninyi mngekuwa pale mngefanya hivyo hivyo kama mngeiona.

9. Na wewe kijana wa Jumamosi, ulifanya vizuri kusimama na kusema "samahani, ni mimi" mbele ya ukumbi mzima. Uliniacha kwenye kiti changu nimeishika soda iliyokwisha gesi. Jumamosi ijayo unaendesha tena wewe. Ila farasi anayetolewa asiingie mfukoni. Mweke mezani, karibu na saa, upande wa masta, kila mtu amwone.