Dogo, hicho kiwiko usikichezee

Umeandika aya nne za besiboli ya Marekani: drafti (klabu zinavyochagua wachezaji wapya kwa raundi), asilimia ya mshauri anayekutafutia mkataba na mshahara wa ligi ndogo, halafu katikati ukachomeka kasentensi kamoja: kiwiko kinakuchoma upande wa ndani, unameza ibuprofeni, na wikendi hii utarusha Ijumaa na tena Jumapili kwa sababu maskauti, wale wasaka vipaji wa klabu, wanakuja. Hayo mengine sikuyasoma vizuri. Niliganda hapo.

USIRUSHE JUMAPILI.

Mimi nilikuwa wewe mwaka 2016. Mtoto wa Tanga aliyeletwa Texas na wazazi akiwa na miaka 9, sasa yuko chuo mwaka wa tatu, mwaka ambao klabu zinaruhusiwa kukuchukua. Mrushaji wa mkono wa kulia, yaani yule anayemtupia mpira mwenye gongo, maili 93 kwa saa siku mambo yakikubali. Kiwiko kilianza Machi. Hakikuuma sana, kilikuwa kinawaka tu baada ya mchezo, na kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi nikiendesha gari. Aliyejua ni mama peke yake, maana aliniona nashika kijiko kwa kushoto. Akanikanda mafuta ya nazi, akasema nenda hospitali. Nikamjibu, mama, huu mchezo huujui. Siku hizo nilikuwa na akili nyingi sana.

Ijumaa nikarusha mipira 112. Mwongozo wa Pitch Smart, waliouandaa MLB wenyewe (Ligi Kuu ya Marekani) na USA Baseball (shirikisho la besiboli la huko), unasema kwa umri wa miaka 19 hadi 22, ukivuka mipira 105 unapumzika siku tano. Mimi nilipumzika siku moja na vidonge vitatu. Jumapili, iningi (kipindi) ya nane kati ya tisa, tunaongoza kwa moja, kocha ananitazama. Hakuniamuru. Aliuliza tu, "Unajisikiaje?" Dogo, swali hilo ni mtego. Kijana wa miaka 21 mbele ya watu walioshika rada ya kupima kasi atajibu nini? Nikasema freshi.

Mpira wa tisa. Wengine husimulia kwamba walisikia mlio. Mimi nilihisi kama mtu kafungua zipu ndani ya mkono. Mpira ukapaa juu ya mdakaji ukagonga wavu. Sijashuka kwenye kilima cha kurushia, maskauti wawili walikuwa wameshafunga madaftari. Nadhani walienda kula.

Lakini ninayemlaani hadi leo si kocha. Ni yule "mshauri wa familia" niliyemdokezea mwezi Aprili, akanijibu: "Ikikatika wanashona, unarudi na nguvu zaidi." Jamani! Upasuaji wenyewe haukupi maili hata moja. Wanatoa kano sehemu nyingine ya mwili, wanaipachika kiwikoni, halafu miezi 12 hadi 18 unajifunza kurusha upya kama mtoto anayejifunza kutembea. Na mifano ya warushaji alikuwa nayo tele. Tommy John alipasuliwa na Dkt. Frank Jobe mwaka 1974, akarudi akashinda michezo 164. Strasburg alipasuliwa 2010, miezi mitatu tu baada ya kuwatoa wapigaji 14 katika mchezo wake wa kwanza Ligi Kuu. deGrom alichukuliwa raundi ya 9 mwaka huo huo, akapasuliwa, na 2014 akawa Ligi Kuu. Yote kweli kabisa. Alichonyamazia ni kwamba wote watatu walikuwa wameshasaini! Klabu ziliwasubiri. Mimi nilikuwa sijasaini hata risiti ya duka.

Drafti wakati ule ilikuwa raundi 40. Nilizisikiliza zote, mkono kwenye bendeji, jina langu halikutajwa. Nyinyi mna raundi 20 tu. Nilirudi uwanjani baada ya mwaka na nusu, maili 86, na simu ya mshauri ikawa haipatikani. Labda mnara ulianguka. Leo nasukuma chapati kwa mkono wa kushoto, zinatoka na umbo la ramani ya Kongo, na mke wangu ameacha kucheka kwa kuwa kazoea.

Usidhani utaficha, maana kabla ya kukupa hela wanakupima. Brady Aiken alikuwa chaguo la kwanza kabisa mwaka 2014, klabu ya Houston ikatilia shaka kano ya kiwiko chake kwenye vipimo, na mkataba haukusainiwa. Chaguo la kwanza, dogo! Sisi wa maili 93 ni nani?

Maumivu ya ndani ya kiwiko hayamezewi vidonge, yanapelekwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Kamwambie mtaalamu wa tiba wa timu leo, kwa maandishi, si kocha, na si huyo mshauri anayesubiri asilimia yake. Skauti anayekutaka kweli atarudi wiki ijayo.

Uliuliza pia usaini sasa au urudi mwaka wa nne, sijui na nini kingine. Wadau wengine watakujibu. Mimi nasubiri majibu ya MRI.