Barua kwa mwanangu: kesi ya ndugu aliyepotea

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mtu aliyeonekana mara ya mwisho na kaka wa rafiki yako, yule kijana wa bodaboda wa Nzuguni aliyepotea, bado yuko mtaani wakati kila mtu anamnyooshea kidole. Nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi, sitakuficha kitu.

Familia ilifungua RB, yaani kuandikisha taarifa polisi, wiki tatu baada ya kijana kupotea. Kwanza waliambiwa eti lazima saa 24 zipite, mara wakadhani kaenda machimboni, mara wakaenda kwa mganga. Hakuna sheria inayomtaka ndugu asubiri hata saa moja! Hadi wanafika kituoni, kamera ya sheli ilishajifuta, na mvua ya Januari ilishapita korongoni ikasomba alama za tairi.

Kinachoniuma zaidi ni mashahidi. Dada wa chipsi anaapa aliwaona pamoja. Muulize kama ilikuwa Jumanne au Alhamisi, anabaki kukutazama. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema huaminika, na anayechelewa bila sababu hutiliwa mashaka. Hata hoja ya kuwa mtu wa mwisho kuonekana na marehemu hupungua nguvu kadiri siku zinavyopita kabla mwili haujapatikana, maana mtu mwingine angeweza kuingia hapo katikati. Shaka hiyo kisheria ni mali ya mshtakiwa, yaani humnufaisha yeye. Nami naitetea sheria hiyo, kwa sababu mtaa huwanyooshea kidole hata wasio na hatia.

Kukosekana kwa mwili peke yake hakuui kesi, ushahidi wa mazingira, yaani dalili zinazoungana kumwelekea mtu hata kama hakuna aliyeshuhudia tukio, unaweza kutosha. Kwa mfano, mama mmoja wa Kigamboni alipotea Mei 2019, mumewe akasema katoroka. Ndugu hawakukubali. Julai polisi walikuwa shambani wakifukua mabaki, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikamtia mume hatiani kwa mauaji.

Sasa mwulize rafiki yako kama boksi la simu ya kaka yake bado lipo nyumbani. Ubavuni lina namba ya IMEI, utambulisho wa simu yenyewe. Mtu akiweka laini mpya kwenye simu ile, hata leo, mpelelezi anaweza kuifuatilia kupitia kampuni ya simu. Walipeleke polisi, na dada wa chipsi aandikishe maelezo wiki hii, aseme anachokumbuka tu, asiongeze neno. Wakiogopa kwenda peke yao, nipigie, nitawasindikiza.

Baba yako