Binti anataka kuchunguza sokwe na wavuvi

SWALI: Shikamoo Mzee. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Binti yangu anasoma anthropolojia chuo kikuu, na sasa anataka kufanya utafiti kuhusu sokwe wa Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi katika Ziwa Victoria, na wavuvi wa vijiji jirani. Nilidhani sokwe ni kazi ya watu wa wanyamapori. Hajapotea njia? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hajapotea hata kidogo. Anthropolojia ni elimu ya binadamu, na sokwe ni jamaa yetu wa karibu. Mwaka 1960 kule Gombe, Kigoma, mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akitoa mchwa kichuguuni kwa kijiti. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini zana ni za mtu peke yake.

Wale wa Rubondo si wenyeji. Mababu zao waliletwa kwa meli kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wakajifunza msitu upya.

Nimekulia Ukerewe nikilinda mahindi ya bibi yasiliwe na tumbili. Naijua hasira ya kukuta mistari miwili imeng'olewa alfajiri! Mtafiti asiyekaa na mwenye shamba, au na mvuvi aliyekatazwa kutega nyavu ndani ya hifadhi, anarudi na nusu ya habari.

Ila mwambie mjukuu wangu: akiwa na mafua asiwasogelee sokwe, maana magonjwa yetu ya kifua huwaua. Na akimaliza, arudi mwaloni awasomee wavuvi alichoandika, kwa Kiswahili.