Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia huo mtihani, angalia jina

Mwanangu,

Marahaba. Ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nimepaki nje ya kazini kabla ya zamu, maana ukiongea haraka unameza maneno kama baba yako. Nilivyoelewa unauliza hivi: ufanye CLEP, ule mtihani wa kupata krediti za chuo bila kukaa darasani, ya College Algebra wakati huu wa likizo umalizane nayo, au ukae darasani semista nzima kama wenzio, na huyo mwenzio wa chumbani anakwambia krediti za mtihani ni kupita mlango wa uani. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Nianze na hilo la mlango wa uani kwa sababu limeniuma. Babu yako Mungu amrehemu alipata cheti chake cha kidato cha nne akiwa mtu mzima anafanya kazi kwenye shamba la mkonge Muheza, kwanza akafanya Mtihani wa Maarifa ndo akaruhusiwa kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaingia chumba kimoja na watoto waliokuwa wanampa shikamoo, akakaa akaandika kama wao. Unalijua neno lake, mtihani hauulizi ulikaa dawati gani. Cheti kile mpaka leo kipo kabatini kwa bibi yako na hakuna aliyewahi kukitazama akasema hiki ni cha uani. Basi huyo mwenzio mwambie hivyo, au usimwambie, ila wewe usiwe na shaka hiyo kabisa, hiyo CLEP ipo tangu 1967 na vyuo zaidi ya 2,900 vinaipokea, si kitu cha kificho.

Sasa kabla sijafika kwenye aljebra yako, nikuulize kitu ambacho hukunigusia kabisa. Ulipofungua akaunti ya College Board, hao wenye CLEP, umeandika jina gani?

Nakuuliza kwa sababu ya 2014. Sijui unakumbuka kiasi gani, ulikuwa na miaka saba, meno ya mbele yametoka, tunaishi ile nyumba ya ghorofani yenye jiko dogo. Mimi nilikuwa na zamu za usiku nyumba ya wazee na nimeanza chuo kwa kozi mojamoja, na si unajua hapa Texas chuo cha serikali hupewi digrii bila krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za mambo ya serikali. Nikapiga hesabu, hizi 3 za serikali ya Marekani nikizifanya kwa CLEP ya American Government nitalipa dola 80 badala ya kulipia kozi nzima, na sitapoteza jioni mbili kila wiki ambazo ningekuacha kwa jirani. Zile nyingine zenye katiba ya Texas nilijua lazima nikae darasani, mtihani ule hauzigusi.

Nikasoma miezi mitatu. Kazini wazee wakilala nilikuwa na kitabu chini ya karatasi za ripoti, na nyumbani nikaandika kadi nikazibandika kwenye friji, Seneti 100, Baraza la Wawakilishi 435, Marbury v. Madison 1803 mahakama kujipa uwezo wa kutengua sheria, kadi za rangi ya njano. Wewe ile ya 435 ukaichukua ukaichora samaki, ile 4 ukaifanya pezi na ile 5 mkia, mimi nikakugombeza halafu nikairudisha kwenye friji hivyohivyo na samaki wake. Baba yako akawa kila akifungua friji kuchukua maji ananiuliza swali moja, nisipojibu hafungi.

Siku ya mtihani jirani akaumwa, nikaja na wewe. Tukafika kituoni saa tatu kasorobo asubuhi, umevaa lile koti jekundu, una boksi lako la penseli za rangi. Nikampa yule msimamizi tiketi yangu na leseni ya kuendeshea. Akaangalia tiketi, akaangalia leseni, akarudi kwenye tiketi. Akaniambia hili jina si hili.

Na kweli halikuwa lenyewe. Shuleni kwako tangu chekechea walikuwa wananiita kwa jina la ukoo la baba yako, kila barua inakuja hivyo, daktari wa meno hivyo, kanisa la jirani wakileta mboga hivyo, nikazoea, na siku nafungua akaunti ile usiku nimechoka nikaandika lile jina nililozoea kuitwa. Leseni yangu ina jina la babu yako. Sisi kwetu mwanamke akiolewa habadilishi jina la baba yake, na mimi sikubadili, ila siku hiyo moja nilijisahau nikajiandika mke wa mtu, ndo siku iliyonigharimu.

Nikamwonyesha picha yangu, nikamwonyesha grini kadi, nikamweleza kwetu majina yanakwendaje, akanisikiliza vizuri tu wala hakuwa na dharau, akasema kanuni inataka jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho cha serikali chenye picha na saini, siwezi kukuingiza. Nikatoka. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha korido ndo kwanza unafungua boksi, ukaniangalia ukaniuliza, Mama umeshamaliza? Zilikuwa hazijapita hata dakika nne. Nikakwambia ndiyo. Ukasema mama yangu ana akili sana. Sijawahi kukwambia kwamba ile siku nilikudanganya, nakwambia leo.

Nimebishana na yule mtu kichwani miaka yote hii. Kuna siku nasema angeweza kupiga simu, angeuliza, picha ni yangu, tarehe ya kuzaliwa ni yangu. Kuna siku nasema hapana, akiniachia mimi kesho ataingia mtu mwingine kufanyia mwingine mtihani, halafu krediti yangu itakuwa na thamani gani? Babu yako alivyokuwa mkali na kadi yake ya mtahiniwa, aliifunga kwenye nailoni akaiweka ndani ya msahafu ili isipotee, angenigombeza mimi si msimamizi. Kosa lilikuwa langu. Lakini ile korido bado naiona.

Hela ya kituo dola 25 ikaenda, maana kituo kina ada yake tofauti na ya mtihani. Nikawapigia College Board wakarekebisha jina, nikapanga siku upya, nikarudi baada ya wiki tatu na safari hii sikuja na mtu. Maswali 100 dakika 90. Kuna mahali nikakwama kwenye Bunge, nikafumba macho nikamwona samaki wako kwenye friji, nikaendelea. Mwisho skrini ikaleta 62. Alama zao zinakwenda 20 mpaka 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kwa krediti, usije ukadhani 50 ni nusu ya maswali, sio asilimia hiyo. Nilikaa kwenye gari nikampigia bibi yako Muheza, huko kulikuwa usiku, nikamwambia mama nimefaulu, akaniuliza mtihani wa nini, nikashindwa kumweleza, akasema Alhamdulillahi hata hivyo.

Kwa hiyo jina kwanza. Kama kitambulisho chako kina majina matatu, angalia yamekaaje na uandike yalivyokaa, si kama walimu wanavyokuita. Halafu wakati wa kujiandikisha wanakuuliza matokeo yaende chuo gani, chagua hapohapo ni bure, ukija kuomba baadaye unalipia. Ile tiketi inaishi miezi 6, na kulipa hakukupi siku ya mtihani, siku unapanga mwenyewe na kituo. Na kwa nini ulipe? Siku zangu hakukuwa na hii, sa hivi kuna hawa Modern States wanafundisha bure mtandaoni, ukimaliza kozi yao na mazoezi unaomba vocha inalipia mtihani mzima, ambao umeshakaribia dola 100, na ada ya kituo unatoa mfukoni, tunza risiti uwaulize kama wanarudisha. Kufanyia chumbani kwa kamera sikushauri, wanataka uwe peke yako mlango umefungwa mwanzo mpaka mwisho, na huyo mwenzio anavyoingia na kutoka...

Haya, aljebra. Ule mtihani una maswali kama 60 kwa dakika 90, kikokotoo kimo ndani ya skrini huji nacho, na ukikosea hukatwi kwa hiyo usiache wazi hata moja. Lakini karibu nusu ni maswali ya kawaida uliyoyaona shule, nusu iliyobaki inataka uwe umeelewa kweli, fankisheni ndizo nyingi, na wewe fankisheni ndizo zilizokuliza darasa la kumi na moja, usibishe, nilikuwepo. Unaziweza, ulizifuta machozi ukazifanya. Ila unasoma uhasibu, na uhasibu hapo chuoni kwako baada ya aljebra wanakupeleka kwenye kalkulasi ya biashara. Mimi baada ya American Government sikuwa na kitu kilichokaa juu yake, nilifaulu nikafunga kitabu. Wewe ukipita na 50 kamili utaingia kalkulasi na mguu mmoja. Halafu nasema tena, kwani aliyepata C darasani ana miguu mingapi? Mtihani hauulizi ulikaa dawati gani, na kalkulasi nayo haitakuuliza, itakuuliza unajua au hujui.

Na darasani kuna watu. Ile kozi yangu ya katiba ya Texas ndo nilikokutana na Mama Selam, tuligawana noti, tukagawana na wali, mpaka leo ndiye anayenipigia nikiumwa kabla hata nyie hamjajua. Ningeifanya kwa mtihani nisingempata. Lakini tena kama American Government ningeisoma darasani ungelala kwa jirani jioni mbili kila wiki mwaka ule, na samaki asingechorwa. Sijui niipimeje hiyo.

Mambo mawili muulize mshauri wako wa chuo kabla ya yote, na akujibu kwa email si kwa mdomo. Moja, kwa digrii yako hiyo CLEP inahesabika kama ile kozi yenyewe ya hesabu inayotakiwa, au ni krediti za ziada tu, na wanataka alama ngapi, maana vyuo vingine vinapandisha zaidi ya 50. Pili, ukiondoa aljebra kwenye ratiba bado utabaki na krediti 12? Za mtihani hazihesabiki hapo, na msaada wako wa ada unataka 12, ukishuka hata kwa moja tutalia wote. Na jua kwamba krediti hiyo inakuja bila gredi, haipandishi GPA yako wala haishushi. Ukikosa, unasubiri miezi 3 ndo urudie ileile, kwa hiyo ukiufanya mwishoni mwa likizo huna nafasi ya pili kabla ya masomo kuanza.

Kitu kimoja nje ya hapo halafu nakuacha. Kwenye lugha CLEP wana Kihispania, Kifaransa na Kijerumani tu, Kiswahili hamna, ndo maana nilisota na Kihispania semista mbili usiku. Baadaye sana nikaja kujua ACTFL, shirika la Marekani la kufundisha lugha za kigeni, wana mtihani wa kuongea, unahojiwa kwa simu mazungumzo tu, na Kiswahili kimo, na kuna vyuo vinautolea krediti. Roho iliniuma, mimi niliyezaliwa Muheza! Uliza na hilo. Ila itabidi uanze kunijibu kwa Kiswahili ninapokusemesha, si mimi naongea huku wewe unarudisha Kiingereza, hiyo hawatakupa kitu.

Sasa najua unasubiri niseme fanya au usifanye. Baba yako kasema fanya, kasema hata hajamaliza kusikiliza. Mimi ninacho moyoni cha kusema na kimefika mpaka hapa kooni, nimekiandika mara mbili nikafuta, kwa sababu nikisema utakifanya kwa ajili yangu, na fankisheni utakazokutana nazo ni zako. Nakuomba tu ufanye jaribio moja la dakika 90, umekaa na saa, bila simu, halafu ujitazame.

Vyovyote utakavyoamua, ukifika kwenye ile skrini ya kujiandikisha usibonyeze kwanza. Piga picha unitumie, na kitambulisho chako pembeni, nilisome jina herufi kwa herufi. Nipo zamu mpaka saa moja asubuhi, nitaiona.

Mama yako