Kula na Kurusha Mateke Usingizini Baada ya Kuanza Dawa za Sonona

Swali: Daktari, pole na kazi. Mume wangu ana umri wa miaka 41 na hunywa sertralini kila asubuhi kwa ajili ya sonona. Mwezi uliopita aliongezewa kwetiapini ya usiku kwa kuwa usingizi ulikuwa haumjii. Tangu hapo, kama saa moja baada ya kulala, huinuka macho yakiwa wazi, huenda jikoni na kula chochote anachokikuta, hata nyama mbichi, na asubuhi hana habari. Siku nyingine, karibu na alfajiri, huweweseka na kurusha mateke, na nikimwamsha husema alikuwa akifukuzwa na mbwa. Je, ugonjwa umezidi? Aache dawa?

Jibu: Pole kwa kukesha, dada. Hayo uliyoyaeleza hayafanani na kuzidi kwa sonona wala na kurukwa na akili. Ni matukio mawili tofauti kabisa, ingawa yote humkuta akiwa amelala, na umenisaidia sana kwa kutaja saa, kwa sababu saa ndiyo inayoonyesha dawa ipi ichunguzwe kwanza.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Usingizi mzito, ule wa pono, hujaa zaidi katika theluthi ya kwanza ya usiku, na usingizi wa ndoto hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Mtu anayetembea usingizini huzinduka nusunusu kutoka katika usingizi mzito: sehemu za ubongo zinazoendesha viungo huamka, ilhali zile za kumbukumbu na busara zinaendelea kulala, ndiyo maana mumeo anaweza kufungua friji na kutafuna nyama mbichi bila kuona kosa lolote. Kwetiapini inajulikana kuleta hali hii, na vilevile olanzapini na lithiamu, ambazo nazo ni dawa za magonjwa ya akili. Inayoogopwa zaidi ni dawa ya usingizi iitwayo zolpidemu. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa hiyo na nyingine za jamii yake ziwekewe onyo la daraja la juu kabisa, baada ya watu kuendesha magari, kuanguka na hata kufa wakiwa hawajaamka sawasawa, na hali hiyo inaweza kutokea hata baada ya kidonge cha kwanza. Kama anameza pia zolpidemu ambayo hukuitaja, mwambieni daktari leo hii, kwa maana tukio moja tu linatosha mtu asipewe tena dawa hiyo.

Nina swali ambalo pengine hakuna aliyekuuliza: je, anakoroma, kisha pumzi inakatika na kurudi kwa kishindo? Kwetiapini na olanzapini huongeza uzito, uzito huo hubana njia ya hewa, na kila pumzi inapokatika ubongo hushtuliwa kutoka usingizini. Nimeona wagonjwa wakibadilishiwa vidonge mara kwa mara kumbe kilichohitaji tiba ni koo.

Mateke ya alfajiri yana asili nyingine. Tunapoota, shina la ubongo hulegeza misuli karibu yote ili tusitende tunachokiota. Dawa zinazoongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, zikiwamo sertralini, fluoksetini na venlafaksini, zinaweza kudhoofisha kizuizi hicho, na ndiyo maana anakumbuka ndoto na mwendo wa miguu yake unalingana nayo. Kwa mtu wa umri wake dawa ndiyo ya kushukiwa mwanzo. Angekuwa amevuka miaka 50, ningesisitiza apimwe pia na daktari wa mishipa ya fahamu, kwa sababu hali hiyo hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo, kwa miaka mingi.

Asiache dawa ghafla. Kukatiza sertralini kwa mkupuo huweza kuleta kizunguzungu, hasira za karibu na ndoto kali kuliko hizo, na sonona yenyewe inaweza kurudi. Andika kwenye daftari saa aliyomeza vidonge, saa aliyolala, saa ya tukio, alichokifanya na kama alikikumbuka. Ukiweza, mrekodi kwa simu. Taja pia pombe na dawa za mafua au mzio, kwani huchochea hali hii. Kwa taarifa hizo daktari anaweza kupunguza dozi ya kwetiapini au kuibadilisha kabisa, na kwa upande wa sonona kuna dawa kama bupropioni ambayo kwa kawaida haileti mateke hayo.

Kwa sasa ondoeni visu mahali pa wazi, fungeni gesi, ficheni funguo za gari, na wewe ulale kitanda kingine. Akitembea, mwelekeze kitandani kwa sauti ya chini bila kumkamata kwa nguvu. Akirusha mateke, mwite jina ukiwa mbali naye.

Mpelekeni hospitali bila kusubiri miadi akitoka nje ya nyumba, akijiumiza, akikakamaa mwili na kuuma ulimi au kujikojolea, au akiendelea kuchanganyikiwa muda mrefu baada ya kuamka. Ikiwa anarudia mwendo ule ule mmoja mara kadhaa katika usiku mmoja, mwambieni daktari mapema, kwa kuwa huenda hicho ni kifafa cha usiku, ambacho hupimwa na kutibiwa kwa njia nyingine.