Mpangaji naye aandikwe

Wiki hii mmeuliza: "Kwa nini watu wa mabondeni wanagoma kuhama?" Swali limenichoma, maana nimekulia Kigogo, bondeni mwa Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam. Mnauliza kana kwamba bondeni wote tuko sawa. Mvua ikishapiga kule Pugu, Msimbazi humfuata kila mtu hadi Jangwani na Mkwajuni, ila hasara haigawanyiki sawa. Mimi nitawaambia ni nani anayebaki na hasara.

Desemba 2011 mnaikumbuka, mvua iliyosemwa kuwa kubwa kuliko zote tangu uhuru. Tulipanga chumba kimoja cha uani. Maji yalianzia chooni, kwa kuwa vyoo vya shimo vikijaa hutapika, kisha yakapanda chumbani usiku huohuo na uchafu wote. Mama alimpandisha mdogo wangu juu ya kabati, akakimbilia cherehani, kwani ndiyo iliyotulipia kodi. Akajitwika kichwa cha cherehani, miguu yake ya chuma ikabaki inazama. Alisimama barazani maji yakimfika kiunoni. Kuvuka hawezi, kuitua hawezi. Alisimama hivyo hadi kukapambazuka, vijana wakaja na kamba. Jirani yetu, mama wa vitumbua, mchele wake wa biashara ulikwenda na ndoo zake. Mwenye nyumba hakuwepo, alikuwa anaishi Mbagala.

Baadaye waathirika wakaandikishwa wapewe viwanja Mabwepande. Mwenye nyumba wetu alipata. Sisi tuliolowa tukaambiwa orodha ni ya wenye nyumba. Kodi ya miezi sita tuliyotanguliza haikurudi. Tukahamia chumba kingine, bondeni vilevile, kwa sababu kodi yake tuliiweza na mama alikwenda Kariakoo kuchukua vitambaa kwa miguu. Basi msiseme tuligoma.

Mikocheni na Mbezi Beach nako hufurika, najua. Ila huko mtu ana ghorofa ya kupandia, ana gari, na akitaka kuhama ana hati ya kuuza.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema waacheni watu wakae. Nimefika hapa nawaza yule mtoto juu ya kabati, na siwezi kusema hivyo. Mto unahitaji bonde lake, na huu mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi naukubali. Watu wahame. Lakini popote watakapohamishwa, aandikwe kwanza anayelala pale, awe na nyumba au awe na ufunguo wa chumba tu, na kodi ya kuanzia apewe mkononi kabla ya tingatinga kufika. Simnyimi mwenye nyumba haki yake. Wengi wamejenga kwa jasho la miaka. Na huko waendako kuwe na daladala ya alfajiri ya kwenda Kariakoo, kwa nauli ambayo fundi cherehani anaimudu. Vikikosekana hivyo, atarudi bondeni, na mimi sitamlaumu.