Shangazi, mume wangu ananinyima mtoto

SWALI: Nina miaka 33, naishi Donholm, nimeolewa miaka 4 na sijajaliwa mtoto. Mwezi uliopita nimepatikana na saratani ya titi. Nataka nishike mimba kwanza, kemo nianze nikishajifungua, lakini mume wangu hataki hata kunigusa. Mama yake naye amekuja kutoka Machakos, anapekua mpaka makabati yangu ya jikoni. Naona wanapanga kuniacha.

JIBU: Pole, mwanangu. Habari kama hiyo humlegeza magoti hata mtu shupavu.

Lakini barua yako, ambayo hapo juu nimeifupisha, nimeisoma mara tatu. Umetaja kwa haraka kwamba mumeo hukuamsha saa kumi alfajiri siku za kliniki, na kwamba mara mbili ulijifungia bafuni mpaka saa za miadi zikapita. Mwanamume anayepanga kuondoka habebi faili ya hospitali ya mkewe kwapani. Haogopi kukugusa, anaogopa kukuzika. Mimi niko upande wake.

Miezi tisa bila matibabu ni kuupa uvimbe nafasi ya kuhamia mifupani na mapafuni. Mtoto utamzaa umwachie nani?

Daktari alikutajia kugandisha mayai, wewe ukapita hapo kama asiyesikia. Rudi hapo! Kemo, hasa yenye saiklofosfamidi, inaweza kuharibu ovari, ndiyo maana mayai huvunwa kabla ya dripu ya kwanza. Ni sindano za takriban wiki mbili. Yanagandishwa yenyewe, au yakiwa yamerutubishwa na mbegu za mumeo. Kwa kuwa uvimbe wako unalishwa na estrojeni, uliza kuhusu letrozoli, ambayo huizuia homoni hiyo kupanda wakati wa sindano hizo. Gharama si ndogo, kaeni chini na mumeo mpige hesabu. Hapa Nairobi watoto waliotungwa maabara, yai na mbegu vikikutanishwa nje ya mwili (IVF), wamezaliwa tangu 2006. Ikishindikana, uliza sindano ya goserelini ya kila mwezi, inayolaza ovari wakati wa kemo.

Baadaye huenda ukapewa tamoksifeni, kidonge kinachozuia estrojeni kuulisha uvimbe, kwa miaka 5 au zaidi. Usishike mimba ukiimeza: tumia kondomu au koili ya shaba, si vidonge vya kupanga uzazi. Utafiti uliotolewa 2023 ulifuatilia wanawake waliotumia dawa za aina hiyo za kuzuia homoni miezi 18 hadi 30, wakasimamisha kwa muda usiozidi miaka 2 watafute mtoto. Katika miaka michache waliyofuatiliwa, saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao. Mlango haujafungwa.

Sasa mama mkwe. Alipopekua alipata nini? Chupa ya mizizi unayokunywa kwa siri, umeniandikia mwenyewe! Ndoa za siku hizi zimetuharibu: anayetukubalia kila kitu ndiye mpenzi, anayetukataza ni adui. Mama amekuchemshia uji wa wimbi, ukaumwaga kwenye sinki. Mwanangu, kemo itakapokuchubua mdomo, uji huo ndio utakaopita. Sukutua kwa maji ya chumvi, lala mchana bila aibu, na ununue themometa: ukiwa kwenye kemo, joto likifika 38, ni hospitali usiku huohuo.

Miadi yako ni Jumanne. Mwambie mumeo usiku huu kwamba utakwenda. Chupa hiyo itie kwenye mkoba, umkabidhi daktari mwenyewe.